Siku Nilipomvika Mgeni Rasmi Koti

Jamani, aibu nimezipata nyingi katika maisha haya (niliwahi kufundisha vipindi viwili mfululizo nikiwa nimevaa sketi nje ndani, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyenionea huruma), lakini zote nikizijumlisha hazifiki hata kiunoni kwa ile niliyoipata siku ya kuzindua albamu yangu, mbele ya watu wa Ujiji, mbele ya mkuu wangu wa shule, mbele ya mzee aliyenifundisha zeze, na kibaya zaidi niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjacheka, ingawa najua mtacheka.

Mimi kwetu Korogwe. Kigoma nililetwa na barua ya ajira, nikafundishe hisabati sekondari, na siku niliposhuka kwenye treni na begi langu niliapa kwamba nitakaa miaka miwili tu kisha niombe uhamisho. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kilichonishika si samaki wao wa migebuka wala ziwa, ni zeze la Mzee Bukuru. Alialikwa kutumbuiza kwenye mahafali ya kidato cha nne, mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akaegemeza kibuyu kifuani, akaanza kuimba kwa Kiha maneno ambayo sikuelewa hata moja, na mimi niliyekuwa nimepewa kazi ya kupanga wageni nikasimama katikati ya ukumbi na viti viwili mkononi mpaka wimbo ukaisha.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake. Nikamsalimu, nikamwambia nataka kujifunza. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Zeze si hesabu, Mwalimu."

"Nifundishe hivyo hivyo, Mzee."

"Basi kata kucha kwanza."

Nikakata. Kwa miaka tisa, kila Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa uani kwake. Alinifundisha nyimbo zake alizozitunga mwenyewe, alinifundisha Kiha cha kuombea maji na cha kuimbia (cha kugombana nilijifunza sokoni), na akanifundisha kunyamaza kati ya ubeti na ubeti, jambo lililomshinda hata mama yangu mzazi. Wake kwa waume walikuwa wakiniuliza mwanamke na zeze wapi na wapi, naye Mzee anawajibu, "Muulizeni zeze lenyewe kama linalalamika."

Halafu akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kwa shida, kama mtu anayevuta ndoo kisimani kwa kamba fupi. Nyimbo zake hazikuwahi kuingia studio. Zilikuwa vichwani mwa watu na kwenye simu zao, zimechanganyika na vigelegele vya harusi na watoto wanaolia. Ndipo nikaamua: nitatoa albamu ya nyimbo nane, zote zake, nipige na kuimba mimi, jina lake liwe kubwa juu na langu dogo chini. Nilipomweleza akanishika mkono kwa ule wake mzima, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Mpaka hapo mnaona mimi ni mtu mwema, sivyo? Subirini.

Nyimbo saba alikuwa amenifundisha mwenyewe, na kila moja nilimwimbia kwanza, naye akatikisa kichwa kukubali au akanyoosha kidole nirudie. Ya nane ndiyo sikuwa nayo. Basi binti yake wa mwisho, Editha, ambaye aliacha biashara yake ya mawese Mwandiga akarudi kumuuguza baba, akaniletea kopo la biskuti la zamani la marehemu mama yake, limejaa vifungo, nyuzi na sindano, na chini kabisa kanda tatu za kaseti. Mbili zilikuwa zimeoza. Ya tatu ilicheza. Ilikuwa sauti ya Mzee Bukuru akiwa kijana, kali na ya uchokozi, na watu nyuma wanacheka mpaka wengine wanapiga mayowe, na kwenye kiitikio wote wanajibu kwa pamoja, kwa Kiswahili, "Kabisa kabisa!"

Niliupenda wimbo ule kama mtu anavyopenda kitu alichokiokota. Nikaurekodi kwenye simu, nikampelekea mwenzangu wa shule, Mwalimu Hoza, mtu wa Kasulu, anifafanulie yale yaliyonizidi. Akasikiliza ofisini na sikio limebanwa kwenye simu, akacheka, akasema, "Ni kisa cha mtu aliyetumwa na rafiki yake kwenda kumsemea kwa msichana wa Ilagala. Hana nguo ya maana, rafiki akamwazima koti. Akaenda na koti, koti akalirudisha, ila msichana akabaki naye."

"Anaimbwa nani?"

"Haimbwi mtu, Mwalimu. Ni hadithi tu."

Simlaumu. Yeye ni mtu wa Kasulu, na wakati wimbo ule unatungwa hakuwa hata amezaliwa. Wa kulaumiwa ni mimi, maana Editha aliniuliza, namkumbuka amesimama mlangoni na bakuli la uji, "Mwalimu, huu tusimuulize Baba kwanza?" na mimi nikamjibu, "Hapana, huu tumfanyie sapraizi."

Hapo ndipo palipoanzia yote. Neno moja. Ningetembea hatua kumi tu mpaka chumbani kwa mzee, nikabonyeza kitufe, mambo yangeisha. Nikaona raha ya kumwona akishtuka kwa furaha mbele ya watu, nikaikalia hiyo raha kama kuku juu ya mayai.

Sasa lazima niwaeleze habari za Mzee Zakaria. Mzee Zakaria ni rafiki wa Mzee Bukuru tangu ujana. Alikuwa nahodha wa boti za abiria, mtu mnene wa sauti nene, na tangu rafiki yake augue hajakosa asubuhi hata moja: anakuja, anamnyoa ndevu, anamsomea gazeti kwa kelele kana kwamba kiharusi kimepiga masikio. Tulipokuwa tunatafuta mgeni rasmi, wengine wakataja diwani, wengine mfanyabiashara fulani, nikasema hapana, mgeni rasmi ni Mzee Zakaria, ndiye rafiki wa kweli. Editha akalia kwa kufurahi. Na Mzee Zakaria ana neno lake, kila mtu Ujiji analijua, hawezi kumaliza sentensi bila kulisema. Ukimuuliza kama samaki ni wabichi atakwambia, "Wabichi, kabisa kabisa." Ukimuuliza hali ya mkewe, Bibi Perusi, ambaye kwao ni Ilagala, atakwambia, "Mzima, kabisa kabisa."

(Naona nyinyi mmeshaunganisha. Mimi, mwalimu wa hisabati, ninayewachapa watoto kwa maneno kwamba hawatumii akili, sikuunganisha.)

Kwa kuwa nilikuwa nimelewa sapraizi, nikaongeza nyingine. Albamu nikaiita "Koti la Kuazima", kwa ajili ya ule wimbo wa nane, lakini jina nikalificha. Matangazo yote yalisema tu "Heshima kwa Mzee Bukuru". Nikachapisha bango kubwa lenye jina hilo na picha ya koti, nikalifunika kwa kitenge, ili mgeni rasmi mwenyewe alifunue siku hiyo. Na mnajua mgeni rasmi huwa anavikwa kitu, mgolole au kitenge au shada la maua. Mimi nikasema tuwe wabunifu. Nikaenda kwenye mitumba, nikachagua koti jeusi zuri sana, nikakadiria ukubwa kwa macho.

Siku ikafika, Jumamosi mchana, ukumbi wa shule yetu. Watu walijaa mpaka madirishani: walimu, wanakwaya, wauza kahawa, wavuvi waliokuja na jezi zao, na mabibi waliokuwa wasichana enzi ambazo Mzee Bukuru alikuwa akipigania nafasi ya kupita mtaani kwa jinsi walivyomzunguka. Yeye mwenyewe tulimweka mbele kwenye kochi lililobebwa kutoka nyumbani, kavaa shati jeupe na kofia yake ileile. Kulia kwake Mzee Zakaria, na kulia kwa Mzee Zakaria Bibi Perusi, kajifunga kitenge cha zambarau.

Mzee Zakaria akatoa hotuba. "Huyu Bukuru ni ndugu yangu, kabisa kabisa. Amenivumilia mengi, kabisa kabisa." Kwenye mstari wa tatu nikaona mabibi wawili wanapigana viwiko. Nikadhani wanamcheka kwa mazoea yake.

Nikapiga nyimbo saba. Naweza kusema bila kujisifu (najisifu kidogo) kwamba sijawahi kupiga vile. Wimbo wa nne, ule alioutunga mkewe alipofariki, Mzee Bukuru alitoa machozi na hakuyafuta, na ukumbi mzima ulitulia, hata feni ikasikika inavyolalamika. Kama ningeishia pale, ningeshuka jukwaani nikiwa malkia wa Kigoma. Lakini nilikuwa na bango. Nilikuwa na koti.

Nikamwita mgeni rasmi apande kufunua jina la albamu. Akapanda, akashika kitenge, akakivuta. Macho yake siku hizi si mazuri na miwani alikuwa ameiacha kwenye kiti, akaliangalia bango, akamuuliza mshereheshaji, "Imeandikwaje?" Na mshereheshaji wetu, kijana wa mjini mwenye mbwembwe, akasogeza kipaza sauti mdomoni akatangaza kwa kuvuta, "Kooooti! La! Kuaziiiima!"

Ukumbi ukagawanyika. Vijana wakapiga makofi. Wazee wakaangaliana, kisha nyuma huko bibi mmoja akapasuka kicheko, akafuatwa na mwingine, na wa tatu akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikasema moyoni, unaona, wanaukumbuka wimbo, wanaufurahia! Nikachukua lile koti jeusi, nikamvika Mzee Zakaria. Yaani nilimwingiza mkono mmoja, nikamwingiza wa pili, likagoma mabegani, nikalivuta kwa nguvu mpaka likaingia. Alisimama pale mikono imemtoka kwa pembeni kama pengwini, ananiangalia, haelewi, au tuseme alikuwa anaelewa na hataki kuamini. Halafu nikakaa nikaanza kuimba.

Chini pale Mzee Bukuru akaanza kupunga mkono wake mzima. Anapunga, anapunga, mdomo unahangaika. Nikadhani ni furaha. Nikaongeza sauti.

Nikafika kiitikio, nikaimba ahadi ya yule kijana, kwamba rafiki yangu nitakwenda kukusemea, na ukumbi wote, wazee wakianza na vijana wakidakia, ukaitikia, "Kabisa kabisa!" Na kila kichwa, naapa, kila kichwa kikamgeukia Mzee Zakaria. Ndipo na mimi nikamgeukia. Ndipo zikaja zote kwa pamoja kichwani mwangu: kabisa kabisa, msichana wa Ilagala, rafiki, koti, na yeye amesimama amelivaa. Vidole vyangu vikaendelea kupiga vyenyewe kama mistari miwili hivi. Kuacha nilishindwa na kuendelea nilishindwa, nikawa natoa sauti tu, "mmm, mmm," na watu wakaitikia hata hiyo.

Mzee Zakaria akataka kulivua koti. Likagoma kwenye viwiko. Alihangaika nalo mbele ya watu, akizunguka, na simu zote ziko juu zinamrekodi, mpaka Bibi Perusi akapanda akamsaidia kuvuta mkono mmoja mmoja. Ukumbi ukanyamaza sasa. Mzee Zakaria akalikunja koti vizuri, akashuka, akaliweka kwenye mapaja ya Mzee Bukuru. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Bukuru," alisema. "Hata leo?"

Akatoka. Bibi Perusi akamfuata, kajifunika uso kwa ncha ya kitenge, na mabega yanamtikisika. Nikasema basi, nimemliza na mama wa watu.

Mkuu wa shule, Mungu ambariki, akachukua kipaza sauti akatangaza chakula. Mimi nikashuka jukwaani kwa mlango wa nyuma, nikaenda kujifungia maabara ya kemia, nikakaa sakafuni kati ya rafu za chupa. Aliyenikuta huko ni bibi mmoja wa ule mstari wa tatu, akiwa na sahani ya pilau mkononi (aliona ni vibaya kuiacha), na ndiye aliyenipa kisa chote huku anakula. Ujanani, Bukuru alimtuma Zakaria kwa Perusi na koti lake. Zakaria akarudi akiwa yeye ndiye mchumba. Bukuru akatunga ule wimbo, akaupiga kwenye kila harusi, na Zakaria akawa hawezi kupita sokoni bila watoto kumwitikia kwa neno lake mwenyewe. Hawakusemezana miaka sita. Mpaka boti ya Zakaria ilipopotea ziwani siku mbili kwa dhoruba, na Bukuru akashinda ufukweni siku zote mbili bila kula, na boti iliporudi akaapa mbele ya wazee kwamba wimbo ule ameuzika.

"Kanda aliambiwa mkewe aichome," bibi akasema, akilamba kidole. "Kumbe marehemu aliificha. Alikuwa hatupi kitu yule mwanamke."

Miaka arobaini ya urafiki, jamani, na mimi nimeibomoa ndani ya robo saa kwa zeze nililofundishwa na mwenye urafiki huo.

Editha akaja. "Mwalimu, Baba anakuita." Nikatoka kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mzee Bukuru alikuwa bado kwenye kochi, koti mapajani, jasho linamtoka. Nikapiga magoti nikaanza kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono, akaonyesha mlangoni. Akavuta pumzi.

"Twende."

Tukapanda bajaji sisi watatu. Nilitunga hotuba ya msamaha njia nzima, na kila nilipoipata sentensi nzuri bajaji inaruka shimo naisahau. Video ilikuwa imeshatutangulia. Karibu na soko kijana mmoja muuza vocha alimwona Mzee Bukuru akapaza sauti, "Kabisa kabisa!" na Editha akamtolea tusi la Kiha ambalo mimi sikufundishwa.

Nyumba ya Mzee Zakaria iko chini kuelekea ziwani. Tukapiga hodi. Bibi Perusi akafungua, macho mekundu. "Karibuni. Yuko uani." Akakimbilia jikoni.

Mzee Zakaria alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo. Nikamshika miguu. "Shikamoo Babu, kosa ni langu peke yangu, Mzee hakujua lolote..." Hakuniangalia. Alikuwa anasema na rafiki yake, na sauti ile nene ilikuwa imepungua.

"Jana asubuhi nimekunyoa ndevu. Si ungeniambia jana? Tulikuwa wawili tu."

Mzee Bukuru akatikisa kichwa.

"Unajua nilidhani nini pale mbele? Sikuona aibu ya watu. Watu walishanicheka sana, nimezoea. Nilidhani unaaga. Nilidhani unajiona unakufa, na kile kinyongo kumbe bado unacho moyoni miaka yote hii, na kwa kuwa mdomo wako hauwezi umemtafuta huyu mtoto akuimbie." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikajiuliza, sasa hizi asubuhi zote ninazokuja, ananipokea kwa moyo gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumia namna hiyo kwa wimbo wa kuchekesha. Mzee Bukuru alikuwa anahangaika na mdomo wake, tunamsubiri, hakuna aliyemsaidia neno, kwa sababu Editha amekataza tusimsaidie. Mwishowe yakatoka.

"Si mimi." Akaninyooshea kidole. "Huyu."

(Ndiyo. Mwalimu wangu mpenzi, kwa maneno matatu aliyoyapata kwa jasho, alinitosa.)

Editha akaeleza yote: kopo, kanda, sapraizi. Mzee Zakaria akageuka sasa, akaniangalia kwa muda mrefu. Nikasubiri kufukuzwa. Lakini Mzee Bukuru alikuwa hajamaliza. Alilinyanyua lile koti kwa mkono wake mzima, akaliangalia mabegani, akamwangalia rafiki yake tumboni, akavuta pumzi nyingine.

"Lili... kubana."

Kikaanza kitu kifuani mwa Mzee Zakaria, kama injini ya boti inayokataa kuwaka, mara mbili, mara tatu, kikashika. Alicheka mpaka kigoda kikayumba. "Lilinibana! Na lile la zamani lilinibana! Kabisa kabisa, Bukuru! Nilishindwa hata kupeana mkono na baba yake!" Na Mzee Bukuru anacheka kwa upande mmoja wa uso, machozi yanamtoka pande zote mbili.

Nyuma yetu Bibi Perusi alikuwa ameegemea ukuta, kajishika mbavu. Ndipo nikagundua kwamba yale mabega ukumbini hayakuwa ya kilio.

"Nimecheka tangu shuleni mpaka hapa," alisema. "Nimejificha jikoni nisimuudhi mwenye nyumba. Sasa na mimi niseme. Nyinyi wanaume mmegombania koti miaka sita, mkapatana bila kuniuliza, mkazika wimbo bila kuniuliza. Bukuru, wewe ulikuja kwetu mara mbili kabla ya huyu. Mara zote mbili ulipiga zeze, ukala, ukaondoka. Hukusema neno. Nitajuaje kama umekuja kuoa au umekuja kula? Huyu alikuja amebanwa, hawezi hata kunyanyua kikombe cha uji, baba yangu anamwangalia, nikamhurumia nikamnyanyulia. Koti halikunioa mimi. Nilichagua mwenyewe."

Mzee Bukuru alimsikiliza huku ameduwaa. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia hilo.

"Na huo wimbo," Bibi Perusi akaendelea, akaketi kwenye mkeka na kunyoosha miguu, "sijawahi kuusikia mpaka mwisho. Kila ulipopigwa nilikuwa natolewa nje kwa heshima. Mwalimu, imba."

Nikamtazama Mzee Zakaria. Akanyanyua mabega. Nikamtazama Mzee Bukuru. Akaanza kupiga paja kwa kiganja, polepole, mwendo ule ule wa kwenye kanda. Zeze nilikuwa nimeliacha ukumbini, nikaimba mkavu, na kiitikio akakijibu mwenyewe mwenye neno, kwa nguvu zake zote, mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nilipomaliza Bibi Perusi akafikiri kidogo, akaimba ubeti wake hapo hapo, kwamba kikombe kilinyanyuliwa na nani, muulizeni mwenye mkono. Mzee Bukuru alimnyooshea kidole arudie. Akarudia.

Nilitoka mle ndani jioni, nikakaa kwenye jiwe nje nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji akaambiwa uvimbe haukuwa kitu. Wimbo ulibaki kwenye albamu kwa amri ya wote watatu. Tulirudi studio kuurekodi upya, na sauti mnayoisikia ubeti wa mwisho, ile ya mikwaruzo inayocheka katikati ya mstari, ni ya Bibi Perusi mwenyewe. Mtaani ndio unaopigwa kuliko yote. Zile saba nilizozifanyia kazi miaka tisa hakuna anayeziomba, lakini sina haki ya kulalamika. Juzi Editha alinipigia simu kuniambia wale wazee wawili wamekosana tena, safari hii ni kuhusu penalti ya kwenye redio, nami nilishukuru kwa sauti mpaka wanafunzi wakaniuliza kama nimepata uhamisho.

Kwa hiyo mimi, jamani, sapraizi nimeacha. Sifanyi, na nikifanyiwa nakasirika. Na wimbo wa mtu siuimbi tena mpaka nimekwenda kuketi na mwenyewe, na kama mwenyewe hayupo, na wazee waliokuwepo, nikawauliza kwa utaratibu: humu ndani yumo nani, yuko hai, na anaishi mtaa gani? Wengine wananiona msumbufu. Mwezi uliopita nilialikwa kuimba kwenye harusi Mwandiga, nikapeleka orodha ya nyimbo kwa bibi wa bwana harusi wiki mbili kabla. Alizisoma zote, akafuta tatu, hakuniambia kwa nini. Nami sikumuuliza.